Fumbo Lisilo na Mtegaji



Mama mmoja wa Msambweni ametuletea swali ambalo nimelitanguliza mbele ya mengine ya juma hili, kwa sababu halingoji. Mwanawe wa kidato cha tatu, kijana apendaye hesabu, amejiunga kwa simu na vijana wenzake wa nchi mbalimbali ambao shughuli yao ni kufumbua maandishi ya siri. Huko amekutana na habari kwamba kompyuta imeugundua ufunguo uliofichwa ndani ya Qur'ani, nao ni nambari kumi na tisa. Mwanzo mama alifurahi, hata akawapelekea habari hiyo jamaa zake wa Ukunda na Lungalunga. Furaha ilimwisha juma lililofuata, pale kijana alipomwuliza kwa nini msahafu wao wa nyumbani una aya mbili za ziada mwishoni mwa Suratut Tawba, yaani aya ya 128 na ya 129, ilhali hesabu imekwisha onyesha kuwa hazimo katika Qur'ani. Mama auliza: nimjibu nini? Na wale niliowapelekea, niwaambie nini?

Nitajibu, lakini aniwie radhi nianze mbali kidogo, kwani kijana kama huyu hatatulizwa kwa kuambiwa «nyamaza, hayo ni kufuru». Yeye ameonyeshwa hesabu, naye astahili kujibiwa kwa hesabu.

Sisi watu wa pwani si wageni wa mafumbo. Leso zetu zina maneno ambayo jirani peke yake ndiye ajuaye yamemlenga nani. Na usiku, kabla ya simu kuingia majumbani, watoto walikuwa wakitegeana vitendawili: mmoja huita «Kitendawili!», wenzake humjibu «Tega!», naye husema, «Nyumba yangu haina mlango.» Huyu atajibu kaburi, yule atajibu dafu, na kila mmoja ana hoja yake, tena hoja nzuri. Lakini mtegaji hutikisa kichwa. Wakishindwa humpa mji, naye huwaambia kuwa ni yai, na hapo mjadala umekwisha. Hukumu haitolewi na yule mwenye hoja tamu zaidi. Hutolewa na mwenye fumbo, kwa kuwa jibu ni lake tangu alipolitega.

Sasa mwondoe mtegaji. Aliyesema kaburi ataitetea kaburi yake mpaka alfajiri, na hakuna wa kumwambia siyo. Hiyo ndiyo hali ya maandishi mengi ya siri yanayowashughulisha vijana hawa: aliyeyatega amekwisha fariki, au hakuwahi kujulikana, au, kama tutakavyoona, hakutega chochote. Ndipo kila baada ya miezi michache huzuka mtu akasema, «Nimefumbua!» na habari ikazagaa duniani kabla hajatokea wa kumwuliza amejuaje.

Sikatai kazi yenyewe. Elimu ya kufumbua maandishi ya siri ni elimu ya heshima, na katika waasisi wake yumo mtu wetu. Yaaqub bin Is-haq Al-Kindi, aliyeishi Kufa na Baghdad katika karne ya tisa ya Miladi, aliandika risala juu ya kuyatoa maandishi yaliyofumbwa, na nakala yake ikapatikana katika maktaba za Istanbul. Njia aliyoieleza ni nyepesi kuifahamu. Katika kila lugha ziko herufi zitumikazo sana na zitumikazo kwa nadra. Katika Kiarabu, alifu na lamu hujitokeza kila mahali. Katika Kiswahili chetu, hakuna herufi iishindayo a. Basi ukikuta barua ya siri ambayo alama moja imejirudia kupita zote, una pa kuanzia. Al-Kindi hakusema kwamba hapo ndipo pa kumalizia. Wa kuanzia ni wengi sana, na wafikao mwisho ni wachache.

Afikaye mwisho hujulikanaje? Nitatoa mfano mmoja, kwa kuwa ni mzuri mno. Katika nchi ya Ugiriki na kisiwa cha Krete yalichimbuliwa mabamba ya udongo yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majumba, akatangaza kuwa ameyasoma, na kwamba lugha yake ni Kiyunani cha kale. Wataalamu wengi hawakumkubali, na walikuwa na haki. Kisha bamba jingine likasafishwa udongo, bamba ambalo Ventris hakuwa ameliona alipotengeneza ufunguo wake. Lilikuwa na maneno, na kando ya maneno mna picha za vyombo: sufuria yenye miguu mitatu, mtungi wenye mashikio manne, mwingine wenye matatu, mwingine usio na shikio. Mwanachuoni aliyelichimbua alichukua ufunguo wa Ventris, akausoma nao mstari baada ya mstari. Penye picha ya sufuria ya miguu mitatu, neno lilisomeka miguu mitatu. Penye mtungi wa mashikio manne, neno lilisomeka masikio manne, kwani Wayunani nao waliita kishikio cha chombo sikio, kama tuitavyo sisi. Ile picha ilikuwa imelala ardhini zaidi ya miaka elfu tatu. Haikumjua Ventris wala haikuwa na haja ya kumpendeza. Ni kama mtegaji aliyetoka kaburini akasema, «Naam, umepata.»

Mfano wa karibu zaidi kwa wakati: mwezi wa Disemba mwaka 2020 watu watatu, Mmarekani, Mwaustralia na Mbelgiji, walilifumbua fumbo la alama 340 ambalo muuaji mmoja wa California alilituma gazetini mwaka 1969. Kwa miaka 51 watu wasiohesabika walikuwa wamedai kulifumbua. Kila mmoja wao alilazimika kuruka alama hii, kuibadili ile, na kusema muuaji alikosea tahajia pale asipopata neno. Hawa watatu walitoa kanuni moja, na kila aliyeijaribu alipata maneno yaleyale, yenye maana, tangu mwanzo hata mwisho. Polisi wa upelelezi wa Marekani wakathibitisha.

Hapo ndipo penye mizani. Ufunguo wa kweli ni mgumu kama chuma. Ukiutia katika kitasa chake utafungua, na ukiutia kwingine utakataa. Ufunguo wa nta hufungua kila mlango, kwa kuwa mwenyewe huufinyanga mlangoni.

Waliopata kusoma barua za wazee wetu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wanalijua jambo hili vyema. Wazee waliazima herufi za lugha isiyokuwa na sauti ya p, wakatumia ba. Sauti ya mb nayo mara nyingi waliiandika kwa ba peke yake. Basi ukikuta ba, alifu, ba, alifu, waweza kusoma baba, ama papa, ama bamba, ama pamba. Nani atasema lipi ni lipi? Barua yenyewe itasema. Ikiwa yataja frasila na bei, na mzigo uliosheheni jahazini, hapo baba hana nafasi. Na ikiwa habari ni za wavuvi na chumvi, basi huyo ni papa. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, alitumia sehemu kubwa ya umri wake katika kuyasoma na kuyafafanua maandishi ya namna hii. Elimu hiyo hudai msomaji ajitie pingu mwenyewe: neno alilolichagua katika mstari wa kwanza limfunge katika mstari wa kumi.

Asiyejitia pingu, mwisho wake ni kama wa wale waliokishika kitabu cha Voynich. Hiki ni kitabu cha ngozi, cha karne ya kumi na tano, kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, chenye michoro ya mimea isiyotambulikana na maandishi ambayo mpaka leo hakuna aliyeyasoma. Mwaka 2018 wataalamu wa kompyuta wa Kanada walieleza kuwa huenda lugha yake ni Kiebrania, ila herufi za kila neno zimepangwa upya na irabu zimeondolewa. Ili kupata sentensi ya kwanza iliwabidi warekebishe tahajia, kisha wakaitia katika tafsiri ya Google! Mwaka uliofuata mtafiti wa Bristol, Uingereza, alisema amekisoma kwa majuma mawili tu, na Chuo Kikuu chake kikaitangaza habari hiyo, kikaiondoa baada ya siku chache wajuzi walipopinga. Ukiruhusiwa kuzipanga herufi upendavyo, na kuchagua irabu upendazo, baba atakuwa papa na papa atakuwa pamba, na wewe utakuwa mwanachuoni.

Sasa tuje kwenye kumi na tisa.

Aliyeianzisha habari hii ni Rashad Khalifa, Mmisri aliyezaliwa mwaka 1935, msomi wa kemia ya viumbe, aliyehamia Marekani. Aliziingiza herufi za Qur'ani katika kompyuta, na mwaka 1974 akatangaza kwamba Kitabu chote kimejengwa juu ya nambari 19, iliyotajwa katika aya ya 30 ya Suratul Muddaththir. Basmala, alisema, ina herufi 19. Sura ni 114, yaani 19 mara sita. Jina Ar-Rahman limekuja mara 57, yaani 19 mara tatu. Watu walifurahi mno. Hata Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, ambaye vijitabu vyake vilisomwa sana katika pwani yetu, aliitangaza habari hiyo katika kijitabu chake. Simlaumu. Wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha ajabu, na nani asiyependa kusikia Kitabu chake kikisifiwa?

Na tuseme haki: hesabu nilizozitaja hazina uongo. Sura ni 114, na Ar-Rahman ni 57. Mwambie kijana hivyo, asije akadhani tunaogopa kuhesabu. Kisha mwulize maswali mawili.

La kwanza: mangapi yalihesabiwa ambayo hayakugawanyika? Katika kila nambari 19 zifuatanazo, moja hugawanyika kwa 19 bila siri yoyote. Mtu akihesabu mambo 190 katika kitabu chochote kirefu, awe na subira tu, atapata kama kumi yanayokubali. Akiwaonyesha watu yale kumi na kuyafunika yale 180, watashangaa, na watakuwa na haki ya kushangaa, kwa kuwa hawakuonyeshwa kapu zima. Jambo hili lilishuhudiwa kwa Mayahudi na Wakristo pia. Mwaka 1997 Michael Drosnin alitoa kitabu kilichodai kuwa Taurati ya Kiebrania imeficha, kwa kuruka herufi kwa idadi maalumu, habari za watu kuuawa karne nyingi baadaye. Alipoambiwa kuwa kitabu chochote kirefu chaweza kutoa mambo hayo, alijibu kwamba atasadiki wakimwonyesha mauaji ya waziri mkuu yaliyofichwa katika riwaya ya Moby Dick. Mtaalamu wa hesabu wa Australia, Brendan McKay, akaiingiza riwaya hiyo ya kuwinda nyangumi katika kompyuta, akatoka na mauaji ya viongozi kadhaa. Hakuna aliyesema kuwa mwandishi wa nyangumi alikuwa nabii.

La pili: zilihesabiwaje? Basmala ina herufi 19 ukihesabu zilizoandikwa. Ukizihesabu zinazotamkwa, alifu ya Ar-Rahman isiyoandikwa ikaingia, idadi hubadilika. Neno «ism» hupatikana mara 19 iwapo utaliacha pale lilipoungana na ba katika «bismi», yaani utaliacha palepale katika Basmala ulipoanzia! Mahali hapa kanuni ni maandishi, pale kanuni ni matamshi, kwingine kanuni ni kuacha. Hiyo ndiyo nta niliyoitaja.

Kisha likaja neno Rahim. Hili katika Qur'ani limekuja mara 115. Kwa kuwa 114 ndiyo igawanyikayo, lilizidi moja. Na hilo moja ni lipi? Ni lile la aya ya 128 ya Suratut Tawba, ambapo sifa ya upole na huruma kwa waumini haikutajwa kwa Mwenyezi Mungu, bali kwa Mtume wetu (S.A.W.). Mwanzo Khalifa alisema hili lisihesabiwe, kwa kuwa si jina la Mwenyezi Mungu. Baadaye, hesabu zake za jina la Allah nazo zilipozidi moja, na hilo moja limo katika aya ya 129, alichukua hatua ambayo hakuna mwenye akili timamu aliyeitarajia: alisema aya zote mbili zimeongezwa na watu. Katika tafsiri yake iliyotolewa upya mwaka 1989 hazimo. Yumkini ni tafsiri hiyo ambayo kijana wetu ameikuta katika simu, na mwenye kuisoma haambiwi kwenye jalada kwamba imepunguzwa.

Ndugu zangu, tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Nambari iliingia nyumbani kama mgeni aliyekuja kumsifu mwenye nyumba, na ikamalizikia kwa kumwamuru mwenye nyumba avunje chumba kimoja ili ukubwa uafikiane na kipimo chake. Fundi mshoni apimaye nguo kwa mwili akiona haikuenea huirekebisha nguo. Huyu alikata mwili. Na aliyekatwa si mwengine, ni ile aya isifuyo huruma ya Mtume. Khalifa hakuishia hapo. Alijiita mtume, na kwa kujumlisha thamani za herufi za mwanzo wa sura akatoa tarehe ya mwisho wa dunia, mwaka 2280. Januari 1990 aliuawa kwa visu katika msikiti wake huko Tucson, Arizona. Nalitaja hili ili niseme waziwazi kuwa kuua si jibu la hesabu yoyote, na asimdanganye mtu kijana wetu kwamba ndiyo njia ya kuitetea dini.

Hata hilo la tarehe si jipya. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake jinsi Imamu Tabari alivyotoa kwamba muda wa dunia baada ya Uislamu ni miaka 500, na miaka hiyo ikapita na dunia ipo. Akamtaja pia Suhayli, aliyezijumlisha herufi za mwanzo wa sura. Na Ibn Kathir amesema wazi kwamba mwenye kudai kuzitoa nyakati za matukio katika herufi hizo amedai asichokuwa nacho. Hawa ni wanavyuoni wakubwa wakikosoana kwa hoja, miaka mia kadhaa kabla ya kompyuta. Na aya inayofuata ile ya kumi na tisa, aya ya 31 ya Muddaththir, yaeleza yenyewe kwamba hiyo ni idadi ya malaika wa Motoni, na kwamba idadi hiyo imefanywa iwe mtihani. Fumbo hapo halipo. Mwenye maneno amekwisha sema makusudio yake, na mtu bado ang'ang'ania kumpa mji!

Kijana atauliza: je, sisi twajuaje kuwa aya mbili hizo ni za Qur'ani? Swali zuri, na tusilikwepe. Huenda ameambiwa kuwa Zayd bin Thabit (R.A.), alipokuwa akiikusanya Qur'ani kwa amri ya Abubakar (R.A.), aliukuta mwisho wa Suratut Tawba kwa Abu Khuzayma Al-Ansari peke yake. Habari hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari, na yatajwa mara nyingi kana kwamba ni siri iliyofichuliwa. Lakini na afikiri. Zayd alikuwa akitafuta maandishi. Mtu hatafuti asichokijua. Alizijua aya hizo kwa moyo, yeye na wenzake, ndiyo maana alipokosa kuziona zimeandikwa alihisi pengo akaendelea kutafuta hadi akazipata. Lau zingekuwa ngeni, ni Abu Khuzayma ambaye angeulizwa amezitoa wapi.

Tena na atazame mashahidi ambao hawakupatana. Watu wa Morocco husoma kwa riwaya ya Warsh, wengi wa Sudan kwa riwaya ya Ad-Duri, sisi hapa Kwale kwa riwaya ya Hafs. Zinatofautiana katika kutamka na katika baadhi ya maneno, lakini zote zina aya hizi mbili, mahali palepale. Bibi wa Vanga ajuaye Suratut Tawba kwa moyo, na mzee wa Fez, hawajapata kuonana wala kuandikiana. Hao ndio picha za mitungi katika bamba la udongo.

Msidhani kwamba nta hii yatoka Marekani pekee. Hapa petu wako wanaotazama kitabu, ambao mzazi huwaendea kabla ya kukubali posa ili aambiwe kama nyota za vijana zapatana. Hesabu yao ni ya abjadi: alifu ni moja, ya ni kumi, qafu ni mia. Hujumlisha jina la mtu na la mamake, hutoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota. Tuliache jina la mama kando, tujaribu jina moja tu. Andika Fatima kwa Kiarabu: fa 80, alifu 1, ta 9, mim 40, na ta ya mwisho ukiihesabu kama ha ni 5. Jumla 135, hubaki 3, nyota ya Jauza. Ile ta ya mwisho ukiihesabu kama ta kamili, yaani 400, jumla ni 530, hubaki 2, nyota ya Thauri. Na ukiandika Fatuma, kama lilivyo katika kitambulisho chake, huingia wau ya 6, jumla 141, hubaki 9, nyota ya Kausi. Msichana ni mmoja, mamake ni mmoja, na hajatoka chumbani. Yule mwenye kitabu, baada ya kupokea kuku na ubani na shilingi zake, ndiye atakayechagua tahajia. Nawajua mabinti ambao posa zao zimerudishwa kwa sababu ya wau moja.

Mama aweza kumfanyisha mwanawe hesabu hiyo kwa jina lake mwenyewe. Kijana apendaye mafumbo ataona mara moja mlango wa udanganyifu uko wapi, na kuuona katika jina lake kutamwingia kuliko waadhi wangu.

Nakuja kwa maswali yako, mama. Usimpokonye simu, wala usimtoe kwa wenzake. Katika vijana wa namna hiyo wamo wenye akili kali, na wengi wao ndio wa kwanza kuwaumbua waongo. Kaa naye na msahafu, mfungulie Suratut Tawba, aya ya 128, msome pamoja, umweleze maana yake. Kisha mpe karatasi, ayaandike mambo yote aliyoambiwa kuwa yamegawanyika kwa 19, na mbele ya kila moja aandike kanuni iliyotumika: yameandikwa, yametamkwa, au yameachwa. Asihukumu mpaka karatasi ijae. Akikuta kanuni moja isiyobadilika tangu juu hadi chini, na anikaribie, nitaisoma.

Na jamaa zako wa Ukunda na Lungalunga, wapelekee ujumbe wa pili kwa njia ileile ya ule wa kwanza, uwaambie kuwa habari ile si ya kutegemewa, na kwamba msahafu walio nao umetimia. Usione haya. Suratul Hujurat imetuamrisha tuzichunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na atakayekucheka kwa kusahihisha atakuwa hajaisoma.

Wallahu a'lam. Juma lijalo, inshaAllah, tutalijibu swali la ndugu wa Diani kuhusu mirathi ya minazi iliyopandwa na baba katika shamba la mkewe. Wenye maswali juu ya hayo na wayalete kabla ya Jumatano.